Sofa la Kijani kwa Pikipiki Nyekundu

Fundi Rangi hakuwa mwongo. Uongo aliiachia kompyuta. Kazi yake ilikuwa kupiga picha vitu chakavu vya watu na kuvipandisha rangi kwenye kompyuta hadi vipate wateja mtandaoni. Friji yenye kutu ilitoka nyeupe pe, na godoro la miaka kumi lilionekana limetoka dukani jana. Wanunuzi walilia wakishafika kwao, ambako yeye hakuwepo.

Siku moja akaliona tangazo la Mama Mapazia, mshonaji wa mtaa wa pili. Pikipiki nyekundu, inang'aa, anataka kuibadilisha na sofa. Fundi akaikuza picha, akaitazama kwa jicho la kitaalamu.

"Hii haijaguswa," akajisemea. "Picha iliyochezewa mimi naijua hata gizani."

Sofa lake lilikuwa limepauka, na panya walishahamia upande mmoja na familia zao. Akalipiga picha, akaliongezea kijani mpaka likafanana na la ofisi ya waziri, akatuma.

Mama Mapazia akapiga simu. "Sofa zuri, mwanangu. Ila pikipiki ni pikipiki. Niongezee na kompyuta yako, binti yangu anasoma."

Fundi akasita. Kompyuta ndiyo iliyomlisha. Lakini angeiuza pikipiki ile angenunua kompyuta tatu.

"Njoo kwanza uikague," mama akasema.

"Tukaguane kama wagonjwa, mama? Mimi nakuamini."

Alijua akikagua cha mama, naye mama atataka kulikalia sofa.

Mkokoteni ukapeleka sofa na kompyuta, ukarudi na pikipiki iliyofunikwa turubai. Fundi akaifunua mbele ya majirani. Kutu tupu. Injini haikuwepo.

Akapiga simu kwa hasira. "Mama, ile picha imechezewa."

"Si uliichezea mwenyewe? Mwaka juzi, mume wangu alipotaka kuiuza. Ukajisifu kwamba hata mwenyewe hataitambua."

Aibu ikamjaa Fundi. Kisha akili yake ikaamka: picha moja, wekundu kidogo, apatikane mjinga mwingine. Ndipo akakumbuka kompyuta iliko.

"Mama," akasema kwa upole wa mtoto aliyevunja sahani, "niazime kompyuta nusu saa tu."

"Wewe lete picha, mwanangu, tunasafisha hapahapa. Binti ameshaijua kazi. Na sofa lako tumelitangaza tangu asubuhi, limependeza kuliko ulivyolituma."