Kijiti cha Mheshimiwa

Idara ya Anga inayo furaha kuutangazia umma kwamba, baada ya vikao vingi na chai ya kutosha, nyota zimekubali kuacha kutetemeka. Mimi, Katibu wa Itifaki, nilikuwepo tangu mwanzo, kwa hiyo naeleza kwa mamlaka.

Kutetemeka huko si kosa la nyota. Ni hewa. Nuru ikipita humo huyumba kama mtu aliyetoka kilabuni. Dawa yake ni kioo chembamba kinachokubali kupindwa. Nyuma yake vimepangwa vijiti vya umeme. Kila kimoja husukuma au kuvuta kidogo mno, upesi kuliko kope, mpaka nuru inyooke. Msanifu wake ni shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, mhandisi mwenye akili nyingi na adabu ya kuazima.

Kamati ilipokagua mchoro iliona dosari kubwa: vijiti vyote vilikuwa sawa. Kila kimoja kinainuka kinapojisikia, utadhani hakina mkubwa. Tukaazimia cha katikati kiwe Mkurugenzi, cha jirani yake kiwe Katibu, na kisiwepo kijiti cha kumzidi Mkurugenzi kimo.

“Shemeji,” akaniambia, bisibisi mkononi, “hewa haijui cheo. Ikichafuka pembeni, cha pembeni ndicho kiinuke.”

“Kiinuke kwa kibali.”

“Kibali kikifika, nyota imeshazama.”

“Basi ijifunze subira. Na kumbuka, ikitetemeka siku ya uzinduzi, karakana hii inakuwa stoo ya viti vya wageni.”

Viti vyenyewe vilikuwa vimeshaanza kuletwa. Kufika mezani kwake ilibidi apite ubavuubavu. Akavitazama, akanitazama.

“Hebu niambie. Mkurugenzi anataka kukaa juu, au anataka kufanya kazi?”

Swali hilo halijawahi kuulizwa idarani. Nikatafakari.

“Kukaa juu.”

“Ungesema mapema, tungekwisha lala.”

Jioni ya uzinduzi, Mkurugenzi akaweka jicho kwenye darubini. Nyota imetulia tuli, kama msumari ukutani.

“Mimi ni kipi?” akauliza.

“Cha katikati, mheshimiwa,” akajibu shemeji. “Uko juu ya wote, na huteremki.”

“Ndiyo maana imetulia.”

Tukapiga makofi. Papo hapo akaamuru viti viondolewe karakana ile. Nikamvuta shemeji kando anipe siri.

“Mbele ya darubini kinaning’inia kioo kingine kidogo,” akasema. “Kivuli chake kinaangukia katikati kabisa. Nuru haifiki pale. Kwa hiyo mkubwa wako nimemwinua, nikamkata waya.”

“Na mimi?”

“Wewe sikukufunga waya kabisa.”

Nikamshukuru kwa kubana matumizi.

Mkurugenzi aliupenda mfumo ule hata akaagiza Idara nzima ipangwe vilevile, shemeji akiwa msanifu. Sasa mimi na Mkurugenzi tunakaa wawili katikati ya jengo, kwenye jukwaa lenye zulia nene, bila dirisha. Nasikia huko pembeni watu wanahudumiwa chapuchapu; foleni imekufa, na karani aliyekuwa akisema “njoo kesho” amesahau neno lenyewe.

Jana Mkurugenzi aliinua simu, ambayo waya wake unaishia chini ya zulia, awapongeze wote. Akasikiliza kitambo kirefu, uso umemkunjuka.

“Katibu,” akaninong’oneza, “sikia wanavyotega sikio.”