Tuta la Kawempe

Jumatatu, 9 Machi 2026
Nimegonga mtu. Au sijagonga. Gari la mikate ninaloendesha hapa Kampala liliruka kwenye tuta la barabarani pale Kawempe, moyo nao ukaruka. Nikatazama kioo: watu wanatembea, hakuna aliyelala chini. Labda amebingirikia mtaroni! Nikageuza. Mtaro mkavu. Lakini wakati nageuza, je, sikumkanyaga mwingine? Nikageuza tena. Nilipofikisha mikate chuoni Wandegeya, wanafunzi walikuwa wameshakunywa chai kavu. Hajati Maimunah, mwenye mikate, aliuliza kulikoni. Nikasema foleni. Bonny, dereva mwenzangu, akasema yeye hakuona foleni yoyote. Huyo anataka gari langu!

Jumatano, 11 Machi
Mbinu mpya. Shemeji yangu Oyet akae nyuma na mikate, achungulie, apige kelele nikigonga mtu. Tuta likapita. Kimya. Kimya cha nini? Ameona maiti, ameshindwa kusema! Nikasimama, nikafungua mlango. Oyet amelala juu ya kreti. Nikageuza gari. Hajati amesema nikichelewa tena, gari ni la Bonny.

Ijumaa, 13 Machi
Nimekwenda polisi kuuliza kama kuna mtu aliyegongwa. Wakaniuliza nimemgonga nani. Nikasema ndicho nilichokuja kuuliza. Walinikalisha kwenye benchi hadi mke wangu Joska alipokuja. Nilidhani atacheka. Hakucheka.
“Baba Atoo,” alisema, “huo si uangalifu tena. Unateseka.”
Machozi yakanitoka. Nikasema ni vumbi.

Jumatatu, 16 Machi
Joska amenipeleka kliniki. Daktari Lakica aliuliza kama nikirudi kuangalia napata nafuu. Napata. Hadi lini? Hadi tuta linalofuata. Amesema huu ni ugonjwa, si wazimu wala laana. Wengi wanao, na unatibika. Kila nikirudi, nailisha hofu. Amenipa dawa, itachukua wiki kadhaa kufanya kazi. Na zoezi: nipite tuta, nisirudi, nisimwulize mtu, nikae na hofu mpaka ishuke yenyewe. Nikauliza, na kama kweli nimegonga? Akatabasamu tu, akaandika tarehe ya kurudi. Mwanamke mkatili!

Alhamisi, 19 Machi
Nimepita! Sikugeuza! Shati limelowa jasho, lakini nimefika Wandegeya mapema. Hajati amenisifu mbele ya Bonny. Nimepona kabisa.
Hofu ilikuwa imeanza kushuka yenyewe, kama alivyosema daktari. Nikaona, kwa nini nisiisaidie? Nikampigia simu Aloyo, anayeuza chapati kando ya tuta. Sikumwuliza kama nimegonga mtu, hilo limekatazwa. Nimeuliza tu habari za barabarani. Akasema nzuri. Nzuri gani ile, ya kuvuta sauti vile? Nikapiga tena. Akasema nzuri, ana wateja. Nikapiga tena.
Sasa hapokei. Kwa nini hapokei? Watu wamemzunguka? Polisi?
Nimemwambia Hajati nimesahau kreti Kawempe. Naandika haya garini, injini inawaka. Bonny ananipungia mkono.