Ndoo Kumi na Tisa, Paa Moja

Jumatatu, tarehe 3

Mchwa amekula stika ya kijani sasa hivi. Nimeingiza kidole mdomoni mwake, kimetoka na mate na biskuti. Stika hakuna. Imeshashuka. Mwanangu ana miaka miwili na nusu na karatasi ndiyo chakula chake, ndiyo maana baba yake kampa jina hilo. Nimembusu, halafu nikalia kidogo. Stika yenyewe ilikuwa moja tu kwa wiki tatu nzima!

Nieleze, nisije nikasahau. Mimi nasafisha ofisi na kupika chai. Kazi ya ofisi ni kuwafanya wafadhili washirikiane, wasaidie watu pamoja badala ya kila mtu kivyake. Wapo watatu: Bwana Tai, Mama Miwani, na Daktari ambaye hajawahi kumtibu hata kuku. Mratibu, bosi wangu, kanikabidhi chati ya ukutani, maana kila wakikutana mimi nipo, namimina chai. Wakishirikiana, nabandika kijani. Wakivutana, nyekundu. Chati imekuwa kama mtoto mwenye surua.

Na mimi nina langu. Kituo anakoshinda Mchwa nikiwa kazini kinavuja. Mwalimu kasema paa lisipotengenezwa, tarehe 17 anafunga. Wafadhili wote watatu wameombwa paa. Wote watatu wameleta ndoo za kunawia mikono, kila moja na jina la mwenyewe ubavuni. Ndoo kumi na sita kwa watoto kumi na wawili! Wakifunga, mwanangu nitampeleka wapi? Mratibu hataki watoto ofisini. Leo kituo kimelowa, Mchwa yupo chini ya meza kwa sababu Mratibu kasafiri.

Jumanne, tarehe 4

Leo nimetumia akili. Mkutanoni nimepeleka bakuli moja la sukari na kijiko kimoja, nikaweka mbele ya Bwana Tai. Wenzake wataomba, yeye atawapa, undugu utaanza.

Wapi! Daktari kakitazama kijiko, kasema siku hizi kaacha sukari. Mama Miwani naye eti kaacha. Bwana Tai kijiko anacho mkononi, akaona haya, akakirudisha. Naye kaacha! Wamekunywa chai chungu watu watatu, nyuso zimekunjamana kama shuka la mgonjwa.

Nimewaza sana. Jambo moja, saa moja, wote watatu? Nimebandika kijani. Mratibu karudi jioni, kaibandua. Kasema Mama Mchwa, usinichezee.

Alhamisi, tarehe 6

Mpango mkubwa! Nimempigia kila mfadhili simu, nikamkaribisha kituoni kesho saa nne. Kila mmoja kauliza kwanza kama wale wengine watakuwepo. Nimeapa hapana, ni wewe peke yako. Kila mwamba ngozi huvutia kwake, basi mimi nitaikutanisha ngozi na wavutaji wake. Mwalimu kaniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia dada, tulia, wakiliona paa wakiwa pamoja wataoneana aibu.

Ijumaa, tarehe 7

Ee Mola wangu. Magari matatu. Wapiga picha watatu. Na ndoo mpya tatu!

Mama Miwani kanivuta kando, kaniuliza kwa upole wa kutisha tangu lini peke yako ni watu watatu. Kabla sijajibu, mvua ikashuka. Wote mbio ndani. Pembe kavu ni moja, haizidi mkeka. Wakabanana humo. Tone likatua kwenye miwani. Lingine likaingia ndani ya kola ya Bwana Tai, akaruka kama kakanyaga kaa la moto.

Mchwa hakuwatazama. Kaburuta ndoo mpya ya Daktari, utepe bado umefungwa, kaiweka ubavuni mwa godoro lake pale pale panapodondokea, kisha akajilaza. Kama mtu mzima anayefunga dirisha.

Daktari akamuuliza Mwalimu ndoo sasa ni ngapi. Mwalimu, na mdomo wake, kajibu ndoo ni kumi na tisa na paa ni nusu.

Mratibu kanipa barua ya onyo kwa kudanganya watu wazito. Nikirudia, nyumbani moja kwa moja. Nimemuuliza kama kubanana kwenye pembe moja ni kijani. Kanyoosha kidole mlangoni.

Jumatano, tarehe 12

WAMEKUBALIANA! Barua moja, mihuri mitatu! Wataezeka paa pamoja: kila mmoja fungu lake, bati lake, fundi wake, na jina lake juu kwa rangi. Mratibu kabandika kijani kwa mkono wake, kasema hayo ndiyo matunda ya uongozi. Haya, chukua sifa.

Nimemsimulia mama mkwe. Kauliza nani ataunganisha mafungu. Nikamwambia mama, hao ni watu waliosoma!

Jumapili, tarehe 16

Paa limekwisha. Bluu, nyekundu, na la fedha. Linameremeta hadi barabarani. Ila kila fundi kaishia kwenye mpaka wake. Nimesimama ndani, juu naona mistari miwili ya mwanga, kutoka ukuta hadi ukuta, upana wa kidole.

Nimewapigia. Bwana Tai kasema fungu lake halivuji hata tone. Kweli. Mama Miwani kasema lake halivuji. Kweli pia! Daktari kasema mwanya si fungu, mwanya hauna mwenyewe.

Nimemsimulia mama mkwe. Kakohoa tu. Kikohozi kile nakijua.

Jumatatu, tarehe 17

Mvua tangu alfajiri. Nimekimbia na Mchwa mgongoni, moyoni naliona kufuli. Mlango wazi! Mwalimu kazipanga ndoo chini ya mistari miwili, tisa huku, kumi kule. Zimetosha barabara! Katikati magodoro makavu. Kasema maadamu sasa anajua panapovuja, hafungi. Mchwa kazikagua moja moja kama mkuu wa gwaride, kisha kaniaga kwa mkono bila hata kugeuka. Nimelia njia nzima, sijui kwa furaha au kwa nini.

Tangu barua ile ya mihuri mitatu, chati ofisini ni kijani tupu. Na nimeshajua dawa ya mianya. Ghorofa ya pili ya jengo letu kuna mama mwenye mfuko mpya wa misaada, na mzee mmoja anayegawa vitabu. Watu wawili, mianya miwili! Nitampigia kila mmoja leo hii, nitamwambia aje kesho saa nne, yeye peke yake, na akiuliza kuhusu mwenzake nitaapa kwamba

Mratibu ananiita. Anasema wafadhili wamekwisha kaa mezani, chai inapoa, na mbona nimewawekea tena kijiko kimoja.