Cherehani Bila Boksi Lake

Jumatatu, 6 Mei

Cherehani mpya ya Mama imekufa. Imekufa katikati ya mkono wa joho, sindano ikiwa chini, kama mtu aliyepitiwa na usingizi akitafuna.

Si wakati wa kufa. Mama ameacha kazi kwa Madamu, yule mwenye chumba cha ushonaji karibu na soko, aliyekuwa akimfumulisha pindo moja hata mara tatu. Kaanza kazi yake mwenyewe, sebuleni kwetu. Oda yake kubwa ya kwanza ni majoho ya mahafali ya chuo cha wauguzi. Yanatakiwa Jumamosi asubuhi. Yakikosekana, Mama anarudi kwa Madamu na kichwa chini. Kasema mwenyewe, akicheka. Hakuwa anacheka.

Baraza la familia likakaa. Baba kasema ni simu yangu. Naichaji kwenye ekstensheni ileile ya cherehani, na mionzi yake imeingia kwenye mota. Mjomba kaunga mkono. Mjomba aliwahi kuendesha gari la shirika la umeme, kwa hiyo katika mambo ya umeme hapingwi na mtu.

Mdogo wangu, ambaye tunamwita Kipaza kwa sababu ya sauti yake, kauliza kwa nini tusiirudishe dukani. Watu wazima wakamwonea huruma. Mjomba kamweleza kwamba ukutani kwa yule mwenye duka pameandikwa MALI IKIUZWA HAIRUDI. Tena kwa rangi nyekundu. Rangi nyekundu ni sheria.

Mama kasema labda tukiwa na boksi lake atatusikiliza, maana alisisitiza tulitunze. Kainua macho juu ya kabati.

Juu ya kabati letu ni mahali pa heshima. Pana boksi la pasi, boksi la feni, na boksi la televisheni iliyoibiwa mwaka juzi. Televisheni haipo lakini boksi tunalifuta vumbi. Mwizi akitubu atalikuta.

Boksi la cherehani halipo. Mama alidhani Baba kalihamisha. Baba alidhani Mama. Walibishana kwa adabu. Mimi nilikula.

Najua lilipo.

Jumanne, 7 Mei

Shajara, wewe hunipigi, basi nikwambie. Nilimpa Kiranja.

Kiranja wa darasa letu aliuliza nani ana boksi gumu kwa mradi wake wa sayansi. Nikanyoosha mkono. Mimi. Sijawahi kunyoosha mkono, mwalimu alidhani naomba kwenda chooni. Kesho yake nikampelekea. Kaniambia, "Asante, wewe ni mtu wa maana." Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa maana, kimyakimya, bila kumwambia yeyote.

Mpango wa leo: kulidai. Niliandaa sentensi njia nzima. Nilipofika maabara nikakuta boksi limekuwa mashine ya kuangulia mayai. Ndani pana balbu, kibakuli cha maji, kipimajoto, na mayai yamelala kama wageni wa hoteli. Kiranja kasema vifaranga watatoka mwisho wa wiki, akauliza kama nina shida. Nikasema nimekuja kuona balbu. Kasema ni balbu nzuri. Nikakubali ni nzuri. Nikaondoka.

Jioni Mjomba kaleta tiba. Pedali ya cherehani, ile inayokanyagwa kwa mguu, imezikwa kwenye chombo cha mchele. Kipaza kauliza mchele si wa kukausha simu zilizolowa, mbona pedali haikulowa maji. Mjomba kasema mchele hunyonya ubaya wa kila aina, maji ni mfano tu.

Mama anashona kwa mkono.

Jumatano, 8 Mei

Mpango mpya, na huu una akili: kumwandikia mwenye duka kupitia ukurasa wake wa mtandaoni, bila kuonana naye uso kwa uso. Nimeandika kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili mimi ni mtoto wa Mama, kwa Kiingereza cha shuleni nina masharubu. Nimejitambulisha kama mfanyabiashara mwenye viwanda kadhaa.

Kajibu kabla sijaweka simu chini. Kasema anathamini sana ujumbe wangu na kwamba furaha yangu ndiyo furaha yake. Mtu mwema kiasi hiki! Nikamweleza yote: Mama, majoho, Madamu. Kajibu palepale kwamba anathamini sana ujumbe wangu. Nikamwuliza kama boksi ni la lazima. Anathamini. Nikamwambia hata mambo ya Kiranja, kwa ufupi. Furaha yangu ndiyo furaha yake.

Tumezungumza karibu nusu saa. Kipaza kachungulia begani kwangu, akasema hilo ni jibu la mashine, hata ukiiandikia "ng'ombe" itakushukuru. Nikaandika "ng'ombe". Imenithamini.

Chakula cha usiku tulikula wali. Baba kauma skrubu. Mjomba kafurahi kuliko wote. Kasema ndiyo dalili, mchele umeanza kunyonya. Mama kaichukua ile skrubu, kaifuta, kairudisha kwenye pedali kwa ncha ya kisu.

Cherehani bado imekufa.

Alhamisi, 9 Mei

Madamu kapita leo "kusalimia". Kamkuta Mama na sindano ya mkono. Kasema, "Mwenzangu, kiti chako bado kipo pale dirishani. Sijamkalisha mtu." Mama kasema ahsante dada, karibu chai. Madamu kasema hana njaa, alitaka tu kuona.

Alipoondoka, Mama kashona mkono wa joho nje ndani. Kaangalia. Kafumua, uzi mmoja mmoja. Sikuweza kumtazama. Kama angenigombeza ningefurahi.

Nimeapa. Boksi litakuwepo. Kama halirudi, litazaliwa.

Nimepata boksi la sabuni, gundi, na kalamu za rangi. Nimeligeuza ndani nje, nimekata, nimebandika, nimeandika jina la kampuni kwa herufi za bluu kama lile la kweli. Ubavuni nimechora cherehani kwa kumbukumbu. Nakiri imetoka vizuri. Kipaza kasema inafanana na mbuzi aliyemeza mwavuli. Kanyamazishwa kwa mkate wangu wa kesho na kesho kutwa.

Ijumaa, 10 Mei

Niandike polepole, nisiruke kitu.

Nilipotoka shule Mama hakuwepo. Kipaza kasema kaifunga cherehani kwenye shuka, kaibeba begani, kaenda dukani. Kasema kama watamkataa, wamkatae akiwaona usoni. Nikachukua boksi langu nikakimbia.

Duka lilijaa. Mama alikuwa mbele ya kaunta. Nikajificha nyuma ya mashine za kufulia nikasikiliza. Mwenye duka, kijana mwenye manukato mengi, alikuwa akinyooshea kidole maandishi mekundu ukutani.

Mama kasema, "Ukuta ni wako, mwanangu, andika unachotaka. Mimi sikununua ukuta."

Mwenye duka kasema haya, basi boksi liko wapi, bila boksi waranti imekufa, mama yangu, kila mtu anajua.

"Nilinunua cherehani au nilinunua boksi?" Mama kauliza. "Boksi halishoni. Risiti hii hapa. Nimeitumia kwa kazi yake, haijaanguka, haijalowa. Mambo ya mchele nitakusimulia siku nyingine. Umeniuzia kitu kibovu, nataka kizima."

Watu wakacheka. Mzee mmoja aliyekuja na birika la umeme kwenye mfuko wa plastiki akasogea mbele kidogo. Mwenye duka kaanza kujikuna shingo. Mama alikuwa anashinda. Naapa alikuwa anashinda.

Ndipo nikajitokeza na boksi.

Nililiweka juu ya kaunta kama mtu anayeleta keki. Mwenye duka kalitazama. Kalizungusha. Kashika ule mchoro wangu, akatazama cherehani ya Mama, akatazama tena mchoro. Gurudumu nilikuwa nimelichora upande wa kushoto. Kwenye cherehani liko kulia.

Kasema taratibu kwamba boksi hili ni la kughushi. Na mwenye boksi la kughushi, nani ajuaye na cherehani kaitoa wapi.

Duka lote likapoa. Mzee wa birika akarudi nyuma. Mama alinigeukia, na uso wake ulikuwa uleule wa jana alipokuwa akifumua uzi.

Sikuwa na sentensi yoyote niliyoiandaa. Imetoka yenyewe, kwa sauti ambayo siijui: "Boksi ni la uongo nimelichora mimi. Mashine ni ya kweli. Boksi la kweli lina mayai."

Mtu akacheka nyuma ya pazia. Fundi wa duka katoka, bisibisi sikioni, machozi yakimtoka. Kasema ngoja, boksi lina nini? Nikasema mayai. Kacheka tena, kaichomeka cherehani ya Mama kwenye soketi, kaiunga na pedali nyingine iliyokuwa mezani kwake. Ikaunguruma. Ikashona. Fundi kasema pedali ndiyo mbovu, hata zile zingine za mzigo uleule zilizorudi zilikuwa pedali.

Mwenye duka kamtazama fundi wake kama mtu aliyekanyagwa kidole kanisani.

Mama kauliza kwa upole, "Kumbe zimerudi zingine?"

Hapo manukato yakaisha nguvu. Mwenye duka kasema basi mama yangu, tubadilishe pedali yaishe. Mama kasema pedali ya mzigo uleule haitaki. Anataka cherehani ya mzigo mwingine, nzima, na ataijaribu hapahapa. Mzee wa birika kasema kwa sauti kwamba mama anasema haki, na baada ya hapo wazungumze birika. Mwanamke mmoja aliyeshika pasi naye kasema yeye ni wa tatu.

Mama kashona mkono mzima wa joho juu ya kaunta, watu wamemzunguka. Ndipo karidhika.

Nilimwuliza fundi kwa kunong'ona kama ni simu yangu iliyoua ile ya kwanza. Kasema simu haiui cherehani. Kauliza tunachomeka wapi. Nikamtajia: ekstensheni moja, ina friji, pasi, birika, cherehani na simu. Tabasamu likamwisha. Kasema acheni kuogopa simu, ogopeni hiyo ekstensheni, ndiyo itakayowachoma. Mama kasikia. Tulipofika nyumbani kachomoa friji na pasi hata kabla ya kuvua viatu.

Njiani hakunigombeza. Kauliza tu huyo mwenye mayai anaitwa nani. Nikasema ni mradi wa sayansi. Kasema sawa, sayansi.

Jumamosi, 11 Mei

Majoho yamekabidhiwa. Mama hakulala, tulimsaidia wote kupiga pasi na kukunja. Mkuu wa chuo kavaa moja, kajizungusha kama mtoto, kaagiza na sare za mwaka ujao.

Madamu alikuwepo, mpwa wake anahitimu. Kakagua pindo la mpwa wake, ndani na nje. Hakupata cha kufumua. Mama kamwambia, "Dada, kile kiti mkalishe mtu."

Nyumbani Baba kasema cherehani mpya inafanya kazi kwa sababu simu yangu imehamishwa chumba. Mjomba kasema ni mchele, athari yake huchelewa. Mama kaweka boksi jipya juu ya kabati, akasema halina kazi lakini sebule haina nafasi. Baba kasema lisiguswe na mtu. Kanitazama mimi.

Boksi langu la kuchora Mama hakulitupa. Kaliweka chini ya kitanda chake. Sijui kwa nini.

Jumatatu, 13 Mei

Vifaranga wametoka! Kiranja kaniita mwenyewe, mbele ya watu, nikaone. Ni wadogo, wanapiga kelele kama Kipaza. Mmoja yuko kimya tu pembeni, karibu na balbu. Kiranja kasema huyo kampa jina langu. Nimekaa naye hadi kengele.

Kisha kasema wanakua haraka na boksi litawabana siku si nyingi. Kauliza darasa zima nani ana boksi lingine gumu.

Nimenyoosha mkono. Mwalimu safari hii hakuuliza choo.

Kwa hiyo leo jioni, Baba akiwa anaoga, nimepanda kiti. Boksi jipya, la kweli, liko kwenye begi langu la shule, nimelikunja. Lile la kuchora nimelitoa chini ya kitanda na kulipandisha juu ya kabati, kati ya feni na televisheni iliyoibiwa. Limekaa vizuri. Ukilitazama kutoka mlangoni huwezi kutofautisha.

Gurudumu nimelifuta na kulichora upande wa kulia. Sasa nani atajua.