Vyumba Kumi vya Marehemu

Siku riziki ilipojileta yenyewe, Mshauri alikuwa amejilaza kwenye benchi la duka la dada yake, kofia usoni, akiendelea na shughuli yake ya kila asubuhi, yaani kutokuwa na shughuli. Cheo cha Mshauri alijipa mwenyewe, na kwa kuwa hakukuwa na mwombaji mwingine, hakuna aliyepinga. Alishauri watu kuhusu viwanja, simu, wachumba na dawa za nywele. Waliomsikiliza walijuta, lakini walijuta kila mmoja kwa wakati wake, kwa hiyo hawakuwahi kukutana.

Dada yake alikuwa fundi cherehani, na asubuhi hiyo alikuwa amezungusha futi kwenye tumbo la mwenye duka la vigae, mtu tajiri aliyekuja kupanuliwa koti la suti.

"Vuta pumzi, mzee," alisema dada.

"Nimeshavuta."

"Basi tutaongeza kitambaa."

Mwenye vigae alipumua, na pumzi hiyo ikatoka na malalamiko. Alikuwa akimwoza binti yake baada ya wiki tatu. Wakwe wangekuja kutoka mbali, watu ishirini, na yeye kwa kinywa chake mwenyewe alikuwa ameahidi kuwalaza hotelini. "Vyumba kumi! Nimepita pale hotelini, wananiambia nikiweka nafasi leo ndio napata bei nafuu. Leo! Harusi bado wiki tatu! Wananiona mimi mtoto?"

Kofia pale kwenye benchi ikainuka kidogo.

"Umelipa?" ikauliza kofia.

"Bado."

"Mungu anakupenda, mzee wangu." Mshauri aliketi, akafuta uso, akawa mtu mwingine kabisa. "Hao wamekuona una haraka. Hebu niambie, chumba cha hoteli ni nini? Ni nyanya. Usiku ukipita hakijalaliwa, kimeoza. Nani atanunua chumba cha jana? Sasa wewe nyanya unanunua asubuhi muuzaji akiwa na kiburi, au jioni akiwa anakunja mkeka?"

Mwenye vigae maisha yake yote alinunua vitu wakati wa kufunga. Macho yake yaling'aa.

"Jioni," alisema taratibu.

"Umesema mwenyewe. Harusi Jumamosi? Wewe tulia. Usionekane pale, usipige hata simu. Nenda Alhamisi ya wiki ileile, saa tatu asubuhi. Wakati huo wanatetemeka, vyumba vimewadodea. Taja bei unayotaka, watakushukuru."

"Mzee, mimi ningelipa leo," alisema dada, pini mdomoni.

"Dada, wewe shona," alisema Mshauri kwa upole.

"Na ushauri huu unataka shilingi ngapi?" mwenye vigae aliuliza kwa wasiwasi.

"Bure. Mimi naumia tu nikiona mtu mzima anaibiwa."

Neno bure lina nguvu zake. Mwenye vigae aliondoka akitembea kwa madaha, kama mtu aliyeishinda hoteli nzima bila kuvua viatu. Dakika kumi baadaye Mshauri naye aliondoka, ila yeye alitembea mbio.

Hoteli ile ilikuwa ya ghorofa mbili, vyumba vyake kumi na vinne, na vinne kati ya hivyo vilikuwa na watu wa kudumu. Nyumba nyingine ya wageni mjini ilikuwa moja tu, nyuma ya soko la jumla, ambako kunguni walikuwa wenyeji na mgeni ndiye aliyekuwa mpita njia. Yeyote aliyevishika vile vyumba kumi alikuwa ameushika mji.

Mama wa mapokezi alivaa miwani, akafungua daftari. Masharti yalikuwa mepesi: ukiweka nafasi mapema, bei ni ya chini, unatoa arubuni, unapewa stakabadhi, ukighairi kabla ya saa sita mchana siku ya Alhamisi, unarudishiwa arubuni yote. Baada ya hapo, husikilizwi. "Na jina la mgeni linaweza kubadilishwa wakati wowote," aliongeza, "mradi uje na stakabadhi. Stakabadhi ndiyo mwenye chumba. Ila kila chumba kiwe na jina lake. Hatuandiki mtu mmoja vyumba kumi."

Mshauri hakulitegemea hilo. Majina kumi, papo hapo, ya watu ambao wasingekuja kulalamika! Alikuna kichwa, na baraka za ukoo zikamshukia. Akaanza na babu mzaa baba, akaja kwa bibi, akapanda kwa mjomba mkubwa, akashuka kwa mashangazi. Wote walikuwa wametangulia mbele ya haki, na hakuna marehemu aliyewahi kukana nafasi yake hotelini.

"Ni wazee hawa?" aliuliza mama wa mapokezi akiandika.

"Wazee sana."

"Ngazi wataziweza?"

"Waweke chini wale utakaoweza. Chini wameshazoea."

"Wana mizigo mingi?"

"Hawana mzigo wowote, mama. Ni watu watulivu mno."

Arubuni ililipwa. Na hapa inabidi tuseme ukweli ambao Mshauri mwenyewe aliupita haraka kila ulipomjia: pesa zile zilikuwa za dada. Kwa miaka miwili dada alidunduliza ili anunue cherehani ya umeme, maana ile ya miguu ilikuwa imeanza kumla magoti. Mshauri ndiye aliyemwomba azitunze, kwa kuwa muuzaji wa mashine ni rafiki yake na angepunguza bei mwisho wa mwezi. Dada alimpa. Watu wenye akili timamu hufanya hivyo kwa ndugu zao kila siku, na hakuna dawa yake.

Akizipoteza, dada asingempigia kelele. Angemwambia tu afungashe, atoke katika kile chumba cha nyuma ya duka. Na duniani kote hakukuwa na mahali pengine ambapo Mshauri angelala bure na kufuliwa. Alijua hilo. Lakini angezirudisha, alijiambia. Angezirudisha na faida yake, na dada asingejua kitu.

Stakabadhi aliificha kwa akili. Alichukua suruali yake nzuri, ya kijivu, akashona mfuko wa siri upande wa ndani wa kiuno, akaitia karatasi humo na kuufunga kwa uzi. Kazi hiyo ilimchukua jioni nzima, na alijichoma mara sita. Kisha wiki mbili zikapita, zipu ya suruali ileile ikaachia. Siku ya Jumanne ya wiki ya harusi aliitupa juu ya meza ya dada, akasema anaihitaji kabla ya Ijumaa, akatoka kwenda kusikiliza mpira.

Alhamisi, saa tatu na nusu asubuhi, mwenye vigae aliingia dukani akitweta.

"Wamejaa! Yule mama ananiambia vyumba vyote kumi vimeshikwa tangu wiki tatu! Wewe si ulisema watatetemeka?"

"Wamejaa?" Mshauri alishika kifua. "Haijawahi kutokea!"

"Wakwe wanaingia kesho! Nitawaweka wapi? Nyuma ya soko? Mama mkwe wa binti yangu aamke ameumwa na kunguni usoni, halafu asimame kwenye picha?" Mzee alikuwa bahili, lakini alimpenda binti yake, na aibu ilionekana imeshamkalia shingoni.

Mshauri alimwacha aive kidogo. Kisha akasogea, akanong'ona kwamba kuna watu anaowafahamu wameshika vyumba, ukoo mmoja wa wazee, na huenda wakakubali kuviachia. Ila kwa mara tatu ya bei.

"Mara tatu! Wewe una wazimu?"

"Si mimi, mzee wangu. Ni wazee wenyewe. Hawabadiliki hao, hata uwalilie."

"Mara mbili. Nakulipa sasa hivi."

Mara mbili! Mtu mwingine angeubusu mkono ule. Mshauri alikuwa tayari kuunyoosha wake, simu yake ikaita. Alikuwa mama wa mapokezi, tena kwa sauti ya chini.

"Kaka, wale wageni wako kumi, hakuna atakayeghairi? Kuna timu ya mpira inapita hapa kesho, wachezaji na makocha, wanatafuta vyumba kwa udi na uvumba. Wako tayari kwa mara tano. Nimewaambia waje kesho saa kumi jioni, waongee na mwenye stakabadhi. Nami usinisahau."

Mara tano. Mshauri alimtazama mwenye vigae akamwona mdogo, kama mtu anayeonekana kutoka juu ya paa.

"Mzee, wamekataa," alisema.

Saa sita mchana ilifika. Muda wa kughairi ulipita, na Mshauri aliusikia ukipita. Alihisi baridi kidogo mgongoni. Lakini mara tano ni blanketi zuri. Jioni alikuta suruali yake imeshonwa zipu na kupigwa pasi. Akapapasa kiunoni, karatasi ikalia ndani ya mfuko wa siri. Alilala kama mtoto.

Ijumaa saa kumi jioni aliingia hotelini amenyooka, kiatu kinang'aa. Ukumbi wa mapokezi ulikuwa umejaa watu na masanduku: wanaume wenye makoti, wanawake waliosuka vizuri, mama mmoja mnene, shangazi wa bwana harusi, akiwa ameketi juu ya sanduku lake na kujipepea.

"Timu iko wapi?" Mshauri alimwuliza mama wa mapokezi.

"Timu gani?"

"Ya mpira!"

"Aa, hiyo haiji."

Mshauri alishika meza. "Sawa. Sawa. Vyumba vyangu basi."

"Vyumba wameshaingia wenyewe, kaka."

"Wenyewe gani?"

"Si wale wa kwenye daftari?" Mama wa mapokezi alishusha miwani, uso wake mkavu kama karatasi. "Bibi yako nimempa maji ya kunywa sasa hivi. Mjomba wako mkubwa yuko namba nane, anaoga."

"Haiwezekani!" Mshauri alipiga kelele. "Haiwezekani kabisa! Mjomba amekufa! Wamekufa wote kumi, nimewazika mwenyewe!"

Mtoto mmoja akaanza kulia. Yule shangazi mnene aliacha kujipepea, akatazama ufunguo uliokuwa mkononi mwake. Ulikuwa wa namba nane.

"Kwa hiyo huko bafuni kwangu," aliuliza polepole, "kuna nani?"

Kabla hajapata jibu, mwenye vigae alishuka ngazi ndani ya koti lake lililopanuliwa. Hakuwa na hasira hata kidogo.

"Mshauri! Mpe dada yako salamu zangu. Kaniletea stakabadhi dukani Jumatano jioni, tukaja hapa pamoja, majina yakabadilishwa. Bei ya wiki tatu zilizopita, arubuni yake nikamrudishia, na kidogo cha kumfuta jasho. Jana nilikuja kwako kwa sababu aliniomba. Alitaka nisikie kwa masikio yangu utanitajia ngapi. Na ile timu ya mpira, yeye na mama wa mapokezi ndio walioiunda." Alitikisa kichwa. "Mara tatu, mwanangu!"

Mshauri alifumua mfuko wa siri palepale, kwa meno. Ndani mlikuwa na kipande cha karatasi ya kukatia nguo, kimekatwa umbo la kola.

Alizunguka mjini saa mbili nzima, kwa sababu miguu ilikataa kwenda nyumbani. Jua lilipokuwa likizama ilibidi akubali. Kutoka mbali alisikia mlio mpya dukani, mlio laini, wa haraka. Dada alikuwa ameketi mbele ya cherehani ya umeme, magoti yametulia. Hakuinua kichwa.

"Umejuaje?" aliuliza Mshauri kutoka mlangoni.

"Umeficha karatasi ndani ya nguo, halafu nguo ukamletea fundi." Dada alikata uzi. "Niliuona mshono sio wangu. Umepinda kama njia ya mbuzi. Nikaufumua niushone vizuri, nikidhani nakusaidia. Nikakuta stakabadhi. Mama wa mapokezi ni mteja wangu, nikaenda kumwuliza, akanifungulia daftari. Nikasoma jina la baba pale. Baba yetu, chumba namba tatu, kitanda kimoja." Hapo ndipo alipoinua kichwa. "Pesa ningesamehe. Nilikuamini, mdogo wangu. Nilikupa miaka yangu miwili uishike, nawe hukuishika hata wiki."

"Nisamehe, dada," alisema Mshauri, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu hakuwa anauza kitu.

"Nimesikia."

"Naruhusiwa kuingia? Nimechoka. Nataka kulala tu."

"Kuingia, ingia. Kulala utalala chini ya meza ya kukatia, kuna vitambaa." Dada aliashiria nyuma kwa mkasi. "Chumbani kuna mtu. Shangazi wa bwana harusi. Kuna mwehu alipiga kelele hotelini kwamba chumbani kwake kuna marehemu anaoga, naye shangazi akaapa halali pale hata kwa bunduki. Mwenye vigae kamleta hapa saa ile ile, harusi kesho, hana pengine pa kumweka. Sikumtoza bei ya wiki tatu zilizopita, wacha nikwambie."

"Anakaa mpaka lini?"

"Mpaka Jumatano. Amekipenda kitanda."

Sauti nzito ilitoka nyuma ya duka. "Mama fundi! Huyo mtumishi uliyeniahidi amefika? Maji ya kuoga yawe ya moto!"

Dada alimtazama mdogo wake, kisha akaitazama ndoo iliyokuwa ikifuka mvuke kando ya jiko. Mshauri aliinua ndoo. Ilikuwa nzito, maji yakamwagikia suruali yake ya kijivu. Alipita kwenye ukumbi mwembamba hadi kwenye mlango wa chumba chake mwenyewe, akagonga kwa adabu, na sauti ikamwambia asubiri hapo nje mpaka aitwe.