Dele Nambari 212

Kwa furaha isiyo kifani, Idara ya Ukongwe ilitangaza kwamba Ngome Ndogo ya mtaa wa Malindi, hapo kisiwani, itavutia watalii kama ngome za Rajasthan, India, ambako, kwa mujibu wa kalenda iliyotundikwa ofisini, wageni hupanga foleni juu ya tembo. Mkurugenzi Zahran hakuwa na tembo. Alikuwa na Waraka wa Saba.

"Kila kitu kilichomo ndani ya kuta za Ngome na kilichotimiza miaka hamsini ni urithi," aliwasomea watumishi. "Hakiguswi, hakitumiki, hakitoki kisiwani."

"Na kobe, Mzee?" aliuliza Ridhwan, karani wa daftari. "Maana kobe anatembea."

"Ongeza: kinachotembea na kisichotembea."

Ridhwan akaongeza.

Kufika adhuhuri vitu mia mbili na kumi na moja vilishabandikwa nambari. Nambari 212 lilikuwa dele la Bi Mwanakheir, aliyeuza kahawa uani mwa Ngome kwa birika hilohilo aliloachiwa na mama yake.

"Bwana Zahran, dele langu hilo! Kahawa n'tatilia wapi, kwenye kofia yako?"

"Si lako tena, Bi Mwanakheir. Ni la taifa."

"Basi taifa na lije liwashe makaa!"

Zahran alisikitika kwa muda wa kutosha, kisha akafungia dele ndani ya kamba nyekundu, kando ya meza yake mlemle Ngomeni.

Wiki ya pili ulikuja mwaliko: mtu mmoja wa Idara aende Rajasthan siku kumi, akajifunze. Zahran alinunua sanduku la magurudumu na miwani ya jua, akaanza kuitikia "naam" kwa sauti ya kimataifa. Kilibaki cheti kimoja tu, cha kuthibitisha kwamba hakuna urithi unaotoka kisiwani. Cheti hicho alikibuni mwenyewe.

"Shikamoo, Mzee," alisema Ridhwan, akifungua daftari. "Umri?"

"Marahaba. Hamsini na nane. Andika upesi, ndege hainisubiri."

Ridhwan akafunua Waraka wa Saba, akaweka kidole penye "miaka hamsini".

"Ridhwan, mimi ni mtu!"

"Naam, Mzee. Kinachotembea."

"Basi nnaufuta waraka! Lete kalamu nitie saini."

"N'takupaje kalamu, Mzee? Huguswi wala hutumiki."

Kamba nyekundu ikazungushwa kwenye kiti. Bi Mwanakheir alichungulia dirishani.

"Huyu nambari ngapi?"

"Mia mbili na kumi na tatu."

"Jirani na dele langu! Haya, wapigishane soga."

India alikwenda Ridhwan. Kabla ya kupanda ndege, akiwa Kaimu Mkurugenzi, alitoa Waraka wa Nane, wenye sentensi moja: dele si urithi, ni dele. Alasiri hiyohiyo Bi Mwanakheir aliwasha makaa yake uani. Kuhusu nambari 213, waraka haukusema kitu.

Mwezi ule wageni waliongezeka maradufu, na ripoti ya Idara ikamsifu Mkurugenzi Zahran kwa dhati: katika Ngome nzima, ndicho kielelezo pekee kinachojieleza chenyewe, hata kisipoulizwa.