Wageni Elfu Tisa wa Maktaba ya Sauti

Jumatatu, 3 Juni

Habari mbaya. Kikundi chetu cha kujitolea, kinachotengeneza tovuti za hisani bure, kimekaa kikao. Miwani amesema Maktaba ya Sauti, tovuti inayowasomea vitabu wasioona, imechakaa. Izimwe Jumamosi. Ameshatengeneza mpya. Ina picha zinazoteleza! Kwa wasioona! Sikulisema hilo kikaoni. Nilikuwa nimenuna.

Miwani ni binti aliyejiunga mwaka jana. Anajua kila kitu na ana adabu, jambo linaloudhi maradufu. Ananiita mzee wangu. Nina miaka arobaini na tisa!

Tovuti ile tuliijenga mimi na Fundi Redio, miaka kumi na sita iliyopita, katika chumba juu ya duka la mshonaji. Kompyuta moja, viti viwili, kimoja hakina mgongo. Tulipokezana kibodi kama watoto wanaopokezana baiskeli. Cherehani zikinguruma chini, sakafu nzima ilitetemeka, na Fundi Redio alisubiri zinyamaze ndipo arekodi. Sauti inayokupokea ukurasa wa kwanza ni yake: "Karibu, kaa, nikusomee." Amefariki mwaka wa nne huu. Wakiizima, sitamsikia tena. Hilo nalo sikulisema.

Jumanne, 4 Juni

Nimemchimba Miwani kijanja, nikijifanya sijali: tovuti ya zamani huponaje? Akasema ikiwa na wageni wengi haiguswi. Yetu inapata kumi na mmoja kwa siku. Kumi na mmoja! Aibu.

Mke wangu akashauri niwaambie tu kwamba namkumbuka rafiki yangu, watu wana mioyo. Haelewi siasa za kompyuta.

Nimeandika kiprogramu. Kinafungua ukurasa, kinatoka, kinarudi kama mgeni mwingine. Nimekipa jina Mgeni Njoo. Vidole vilikuwa vyepesi kama enzi zile. Nilikaribia kugeuka nimwonyeshe Fundi Redio.

Jumatano, 5 Juni

Wageni 9,214 kabla ya adhuhuri! Kikundi kizima kimeduwaa. Miwani amekuna kichwa. Nikawaambia kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, kisha nikanywa chai yangu taratibu, mguu juu ya mguu.

Alhamisi, 6 Juni

Mazoea yana taabu! Miaka kumi na sita nimekuwa na desturi moja: nikimaliza programu yoyote, naiweka kwenye ghala letu la wazi mtandaoni, ambako mtu yeyote duniani anaweza kuisoma, kuichukua na kuirekebisha. Ilikuwa amri ya Fundi Redio. Kazi ya watu haifichwi, alikuwa akisema, hata ikiwa na makosa.

Jana jioni mkono ulienda wenyewe. Nimeweka Mgeni Njoo hadharani. Na jina langu. Na maelezo: "Huongeza wageni wa uongo. Kimejaribiwa, kinafanya kazi vizuri."

Miwani amekiona. Hakunitukana. Amenisahihisha! Ameandika kwamba mstari wa ishirini hauna pumziko, wageni wataongezeka mpaka seva, kompyuta inayobeba tovuti, ielemewe, na ameniwekea marekebisho niyakubali. Yaani hata uongo wangu una kasoro! Nimeyakataa. Nilianza kazi hii yeye akiwa shule ya msingi.

Ijumaa, 7 Juni

Seva imekufa. Mstari wa ishirini.

Saa nne asubuhi simu ikalia. Mwalimu mstaafu, haoni tangu ujana wake. Alikuwa sura ya mwisho ya kitabu, muuaji yu karibu kutajwa, mara kimya. Akaniuliza kwa upole kama amekosea kitu, maana alibonyeza kitufe cha kishale mara saba kama kila siku. Nikamwambia aijaribu tovuti mpya. Akasema ameijaribu, mwanangu, lakini kompyuta yake inayomsomea kwa sauti inamtajia picha, picha, picha, na mlango wa vitabu haupati.

Kisha akaniulizia yule bwana wa "Karibu, kaa". Hajambo? Maana kila asubuhi humwitikia: asante, nimekaa.

Nikajibu kwamba amesafiri. Nikakata simu, nikajifungia chooni, nikalia. Sikujua kwamba yupo mwingine anayeongea naye.

Mchana Miwani ameifufua seva na kukifungia nje kiprogramu changu.

Jumamosi, 8 Juni

Nilikwenda na hotuba ya kurasa tatu kuhusu hujuma kutoka nje. Miwani akaomba kutangulia. Kwisha mimi, nikajua.

Akaeleza kwamba amewatoa wageni wa uongo kwenye hesabu (wote wakanigeukia) wakabaki wale wale kumi na mmoja. Amewapigia simu mmoja mmoja, kwa namba walizojiandikisha nazo. Kumi na mmoja wote hawaoni, wote wameikariri njia kwa vidole, na tovuti yake ingewaacha nje. Kosa ni lake, alisema, hakuwauliza kabla. Akaomba ya zamani ibaki ilivyo, sauti na kila kitu, na yake irudi jikoni.

Wakakubali. Sharti moja: nisiiguse seva tena. Wakanivua neno la siri hapo hapo, kama askari anayevuliwa cheo.

Halafu mtu akaifungua tovuti. "Karibu, kaa, nikusomee." Nyuma ya maneno, kwa mbali, cherehani moja iliyokuwa haijanyamaza. Sikuwahi kuisikia miaka yote hii. Machozi yakanitoka mbele ya kadamnasi. Miwani akanipa kitambaa. Nikamwambia asante, mwanangu. Liliniponyoka tu.

Jumatatu, 10 Juni

Nimetafakari siku mbili. Funzo liko wazi. Bila kiprogramu changu, seva isingekufa. Bila seva kufa, hesabu isingechunguzwa. Bila kuchunguzwa, wale kumi na mmoja wasingepigiwa simu. Kwa hiyo tovuti nimeiokoa mimi.

Nimemweleza mke wangu. Akaniuliza kama kweli sioni kwamba neno moja la kweli Jumatatu iliyopita lingetosha. Nikamwambia kufaulu kwa kusema kweli ni bahati ya Miwani, mtu huwezi kuitegemea.

Mwezi ujao tunachagua mwenyekiti. Miwani anagombea. Mimi pia nimechukua fomu. Wapiga kura tuko kumi na wawili, na kumi ni wake, hilo halina ubishi. Sina wasiwasi. Tangu asubuhi nimeshasajili wanachama wapya ishirini, na wote wananipenda sana.